Baba Amepanda Jukwaani

Shirika lao halikuwa la faida. Ndivyo lilivyoandikishwa, na ndivyo mtaa ulivyolicheka. "Nyinyi si ndio wale msio na faida?" watu waliwauliza barabarani, nao walijibu, "Ndio sisi," wakapita zao. Walipaka picha kwenye kuta za shule, walifundisha watoto ngoma siku za mapumziko, na mara moja kwa mwezi walifunga barabara ya nyuma ya ukumbi, wakasimamisha jukwaa la mbao, wakaigiza.

Mchezo wao ulikuwa na sheria yake. Mtazamaji akiona mambo yanakwenda kombo, anapiga kelele, "Simama!" Hapo waigizaji wanaganda, huyu mguu juu, yule mdomo wazi. Aliyepiga kelele anapanda, anachukua nafasi ya mtu anayemtaka, na mchezo unaendelea kwa akili yake. Ukijifanya una mdomo, panda.

Aliyeshika kipaza sauti na kuwauliza watu "Mnasemaje?" alikuwa Redio. Jina hilo alipewa na mama yake mzazi, aliyechoka kutafuta kitufe cha kumzimia. Kazi ilimfaa, isipokuwa kitu kimoja. Mshereheshaji hana upande. Mkurugenzi, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, alikuwa akiwaambia kila siku, "Mshereheshaji akiegemea upande, mchezo umekufa. Watu hawatasema la kwao, watasema la kwake."

Siku hiyo Redio alikuwa na upande.

Upande wake ulikuwa nyuma ya pazia, umevaa gauni la njano, unafunga kitambaa kichwani bila kioo. Mtaani walimwita Barafu kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa mafriji. Baridi yenyewe hakuwa nayo. Hilo Redio alilijua kuliko mtu yeyote.

"Baba amekuja?" Barafu aliuliza.

"Amekuja. Shangazi yako kamkalisha mbele kabisa, karibu na spika."

"Kavaa nini?"

"Lile shati jeupe la kuendea msibani."

Barafu akacheka, halafu kicheko kikamkatikia. "Basi anajua."

"Anajua nini? Baba wa kwenye mchezo anatengeneza baiskeli."

"Ah, Redio, wewe nawe! Umetoa friji ukaweka baiskeli, ukaona umeficha. Kikohozi cha baba umekiacha. Kile anachosema, 'mtoto hapangi safari,' umekiacha vilevile. Mpaka shangazi umemwacha, na wanja wake."

"Shangazi kafurahi. Kasema yule msichana anayemwigiza ni mzuri."

"Usinichekeshe. Nimeshaanza kutetemeka."

Redio akamshika vidole. Havikuwa baridi hata kidogo. Alitaka kuviachia, akashindwa.

Mambo yalikuwa hivi. Mikono ya baba yake Barafu ilikuwa imeanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo, kama mtu aliyekosa usingizi, baadaye kiasi cha kushindwa kuchomelea bomba la gesi. Fundi wa mafriji asiyeweza kuchomelea ni sawa na kinyozi asiyeona. Kaka yake, anayeishi mji wa mbali, akamwita akakae kwake. Fundi akakubali. Akaanza kufunga duka, akamwambia binti yake, "Tunaondoka." Mkewe alikuwa ameshafariki siku nyingi, na mtoto alikuwa huyo mmoja.

Redio alimtuma mjomba wake akapeleke posa. Mjomba akapewa chai, akapewa kiti kizuri, akasikilizwa mpaka mwisho. Kisha fundi akasema, "Mwambie kijana wako simchukii. Ila kazi ya kuuliza watu maswali ambayo yeye hayajibu, mimi siielewi. Na binti yangu anasafiri na mimi." Mjomba akarudi na hiyo chai tumboni na jibu hilo mdomoni.

Ndipo Redio akapata akili yake ya kijanja. Shirika lilikuwa linatafuta kisa cha mwezi huo, naye akakitoa. Fundi baiskeli mkaidi, binti mpole, na mchumba wa binti, kinyozi mwenye heshima zake. Mkurugenzi akakipenda. Barafu akapewa nafasi ya binti kwa sababu ndiye aliyekuwa akilia vizuri kuliko wote. Na Redio mwenyewe akaenda kwa shangazi kumbembeleza amlete fundi, kaka yake, aangalie.

"Mimi akinisikia ananiona mhuni," alimwambia Barafu pale nyuma ya pazia. "Wewe ukimwambia unaanza kulia, anaondoka. Lakini mtaa mzima ukimwambia, atabishana na nani? Subiri tu. Watapanda mmoja mmoja, watamwambia mwache mtoto aolewe. Mimi hata neno sisemi."

"Na wakisema niende?"

"Hawawezi."

"Nakuuliza, wakisema?"

"Barafu, nawajua watu hawa. Ukiwaonyesha baba mkali na wapenzi wawili, hakuna anayesimama na baba."

Akamtazama. Barafu alikuwa na namna yake ya kutazama, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa maandishi madogo usoni mwako. Akanyoosha mkono, akamfunga Redio kifungo cha shingoni kilichokuwa wazi, akauacha mkono hapo kifuani kidogo. Redio alijiona angeweza kusimama hivyo mpaka mbao za jukwaa zioze.

"Moyo wako unapiga kelele," Barafu akasema. "Utaingia kwenye kipaza sauti."

Wakaitwa.

Barabara ilijaa. Waliokosa viti walikaa kwenye ngazi za maduka, na wengine walichungulia madirishani. Kipara, seremala wa shirika aliyekuwa akiigiza baba, alianza kwa kikohozi. Watu wakacheka, shingo zikageuka mstari wa mbele. Fundi alikaa wima na shati lake jeupe, mikono ameikalia ili isionekane. Hakucheka wala hakununa.

"Mtoto hapangi safari!" Kipara alinguruma. "Mimi ndiye baba! Nimesema tunaondoka!"

"Simama!"

Alikuwa mama muuza matunda wa pale kona. Redio akampa mkono kumpandisha, moyo unamruka kwa furaha. "Mama, unachukua nafasi ya nani?"

"Ya huyu binti. Maana kulia kwake kunanichelewesha."

Kicheko. Barafu akashuka pembeni. Mama muuza matunda akashika kiuno mbele ya Kipara. "Baba, sikiliza. Miguu unayo?"

"Ninayo," Kipara akajibu.

"Njia ya kwenda kwa kaka yako unaijua?"

"Naijua."

"Sasa mimi nikufuate nikusaidie nini, kupumua?"

Watu walipiga makofi, wakapiga miluzi. Redio akageuza kipaza sauti. "Mnasemaje?"

"Aolewe! Aolewe!"

Hakuthubutu kumtazama fundi. Alimtazama Barafu, na Barafu akamrudishia tabasamu dogo, la kuiba. Wakati huo Redio aliiona nyumba. Aliona vyumba viwili, na viatu vyake na vya Barafu mlangoni. Mama muuza matunda akashuka akipunga mkono kama malkia. Barafu akarudi kwenye kigoda chake.

"Simama."

Safari hii sauti haikuwa kubwa. Kama si spika za jirani kunyamaza, isingesikika. Kisha Redio akaona shati jeupe linainuka.

Shangazi alimshika fundi shati. "Kaka, kaa chini! Ni mchezo tu!"

"Nami nataka kucheza," fundi akasema, akajitoa.

Kwenye ngazi ya jukwaa Redio alimpa mkono. Fundi hakuupokea. Alipanda mwenyewe, taratibu, ameshika nguzo, na mikono yake ikawa wazi mbele ya watu wote, inatikisika kama majani. Kelele zilianza kufa, kuanzia mbele kwenda nyuma.

Sheria ni sheria. Redio akamgeuzia kipaza sauti. "Mzee wetu, unachukua nafasi ya nani?"

"Ya baba."

"Baba wa mchezo?"

"Kwani kuna mwingine?"

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Kipara akavua kofia yake akampa, akashuka haraka kama mtu anayekimbia mvua. Fundi hakuivaa. Aliiweka magotini, akakaa mkabala na binti yake. Ikawa kama wapo sebuleni, isipokuwa sebule ilikosa ukuta mmoja.

"Mwanangu," akasema, "hawa wanasema nakuburuta. Nakuburuta?"

Kwenye mchezo Barafu alikuwa na maneno yake ya kujibu hapo. Alikuwa ameyafanyia mazoezi mpaka Redio anayaota. Akafungua mdomo, maneno hayakuja.

"Usijibu," fundi akasema. "Najua mwenyewe. Sikukuuliza. Nilipanga, nikafunga mizigo, nikakwambia tunaondoka. Mtu hauulizi mkono wake kama utakuja. Anaondoka nao. Mimi nilikuona hivyo, na hilo ni kosa langu, mama yangu."

Alimwita mama yangu. Nyuma huko mtu mmoja akasema "Lo!" taratibu, kama amechomwa na mwiba.

"Mama yako alipotutoka, ulikuwa huna pa kulala mchana. Nikakutandikia kwenye boksi la friji."

"La baiskeli!" akapaza sauti mmoja kutoka dirishani.

"La baiskeli," fundi akakubali. Wachache walicheka, wakaacha. "Nilikuwa nikichomelea nakuangalia. Nikasema, huyu akikua atakwenda anakotaka, kwa sababu mimi nitakuwa nimebaki na mikono yangu. Sasa ndiyo hii."

Akainyoosha. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Nyumbani nashindwa kukwambia kwa sababu nyumbani mimi ni baba yako. Hapa nimepewa ruhusa niwe baba wa mchezo, kwa hiyo nitasema. Naogopa. Naogopa kushika kikombe mbele ya watoto wa kaka yangu. Naogopa kuogeshwa na mtu ambaye hanijui. Basi nakuuliza, na nakuuliza mbele za watu usije kusema nilikutisha chumbani. Kama hutaki, nitakwenda mwenyewe. Sitakulaani, sitanuna. Utakuja kunizika, nitashukuru. Kama unataka, twende. Wewe unasemaje?"

Redio alisimama kati yao na watu, kipaza sauti mkononi, na mkono ule ukawa haujui kazi yake. Alitaka kusema, mzee, nitakuogesha mimi. Alitaka kusema, kaeni hapa, nyumba ni vyumba viwili, kimoja chako. Kwa nini hakuwahi kulifikiria hilo hata siku moja? Alitaka kupiga kelele "Simama!" kama mtu mwingine yeyote, achukue nafasi ya yule kinyozi na kupiga magoti. Pembeni mkurugenzi alimkazia macho na kutikisa kichwa mara moja tu. Hapana.

Na Barafu alikuwa anamtazama.

Hakumtazama baba yake, hakutazama watu. Alimtazama yeye, na yale maandishi madogo safari hii yalikuwa usoni kwake mwenyewe, makubwa, ya kusomwa na kipofu. Sema kitu. Fanya kitu. Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu, na tundu hili Redio alilisuka kwa mikono yake, akaliwekea zulia na spika.

Akainua kipaza sauti. Midomo yake ikatoa kile ilichozoea kutoa.

"Binti. Unasemaje?"

Barafu akaendelea kumtazama kidogo. Halafu akageuka. Akatoka kwenye kigoda, akapiga magoti, akaifunika ile mikono ya fundi kwa ya kwake mpaka ikatulia.

"Nitakuja na wewe, baba."

Mtaa ulilipuka. Mama muuza matunda, yuleyule, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Wanaume wazima walijifanya vumbi limewaingia machoni. Shangazi alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Redio akasubiri kelele zipungue, maana bado kazi haijaisha. Mchezo haufungwi mpaka watu waulizwe.

"Mmeridhika na mwisho huu?"

"Tumeridhika!"

"Mmeridhika?"

"Tumeridhikaaa!"

Hakuwahi kufunga mchezo ukapigiwa makofi namna hiyo.

Alimkuta Barafu nyuma ya pazia anakunja lile gauni la njano. Alikuwa ameshavaa nguo zake. Kelele za nje zilikuwa zimegeuka kuwa za viti vinavyoburuzwa.

"Ulikuwa unaigiza," Redio akasema. Alitaka liwe swali, likatoka kama ombi.

"Nilipoanza nilikuwa naigiza."

"Barafu."

"Alipofika kwenye boksi nikaacha."

"Umesema mbele ya watu kwa sababu ya watu. Yeyote angesema hivyo. Niambie mimi, hapa, hakuna mtu."

"Nikuambie nini tofauti? Umemsikia."

"Nimemsikia! Na mimi je? Mimi nani ananisikia?" Sauti yake ilikuwa imepanda, akaishusha. "Nitakuja huko. Nitatafuta kazi."

"Kazi gani? Kule nani anafunga barabara watu waigize?"

"Basi atakaa kwetu. Hapa. Nitamhudumia mimi, wallahi, nitamlisha kwa kijiko."

Barafu akaacha kukunja. Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kubadilika, kama friji inayovuja. "Hilo ungelisema pale," akasema taratibu. "Nilikusubiri, Redio. Nilikuangalia mpaka shingo ikauma. Ungesema hata nusu yake. Baba angekusikia, watu wangekusikia. Mama wa matunda kapanda, wewe unashindwa?"

"Mshereheshaji haruhusiwi."

"Najua."

"Kama ningesema, mchezo ungekufa."

"Najua," akasema tena. "Haukufa."

Redio akamvuta, naye akaja bila kushindana. Kichwa chake kilikaa pale pale kilipozoea, chini ya kidevu. Walisimama hivyo, na Redio alijaribu kutafuta neno moja la kumfanya abaki. Yalikuja mengi. Kila moja lilipofika mdomoni aliona mikono ya fundi, likarudi.

"Usiniachie kwanza," Barafu akasema kifuani kwake.

"Siachii."

"Wala usinishike sana."

Mtu akakohoa. Waliachana kama waliomwagiwa maji. Fundi alikuwa amesimama ukingoni mwa pazia, ile kofia ya Kipara bado ameishika. Aliwatazama wote wawili, na hakujifanya hajaona.

"Nimekuja kurudisha hii," akasema.

Redio akaipokea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Fundi akavuta pumzi. "Nilikudharau. Nilisema kazi yako siielewi. Miezi mizima nimelala naangalia dari, natafuta namna ya kumuuliza huyu mtoto, sipati. Wewe ukanitengenezea mahali. Asante sana. Mungu akulipe."

Hakukuwa na kejeli ndani yake, hata chembe. Redio aliitafuta, angalau apate kitu cha kukasirikia, akaikosa.

"Kesho asubuhi tunapakia," fundi akaendelea. "Kuna mafriji matatu nataka niende nayo, na mimi ndio hivi unavyoniona. Wapagazi wanayalaza. Friji halilazwi, mafuta yanaingia kusikotakiwa, ukifika unaliwasha linakufa. Linabebwa wima, mtu mmoja chini, mmoja nyuma, taratibu. Nataka mtu nitakayemwambia akasikia. Utakuja?"

Barafu aligeuza uso ukutani.

Redio alimtazama mgongo, na shingo, na kile kitambaa alichofunga bila kioo, kimepinda upande. Kulikuwa na jibu ambalo lingembakiza na heshima yake, au na hasira yake, au na chochote. Hakuliona.

"Nitakuja, mzee," akasema. "Niambie tu, la kwanza kupanda ni lipi?"